Naombeni ushauri: bosi anataka tuzime seva tuhamie klaudi

Mlinzi wa Seva: Wakuu, heshima kwenu. Nipo kampuni ya vifaa vya ujenzi, Dar, matawi manne mikoani. Chumba cha seva ni stoo iliyofungwa kiyoyozi. Umeme ukikatika usiku mlinzi ananipigia, natoka Mbagala saa nane kuja kuwasha jenereta. Sasa bosi kasema tuhamie klaudi, yaani seva za kukodi kwa njia ya intaneti. Tubebe kila kitu au mauzo yabaki ndani? Wiki ya pili sijalala.

Fundi Mstaafu: Usibebe vyote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, jirani yangu wa duka la dawa alishinda akiandika risiti kwa mkono. Na siku zile ndio alikuwa anamwoza binti yake, michango yote ipo kwenye simu, simu haifunguki. Mzee alikonda yule.

Mama Vitenge: Mwanangu, daftari la mkopo halihitaji umeme wala waya wa baharini. Langu la 2009 linasomeka mpaka leo, wadaiwa ndio hawaonekani.

Kipanya Mzee: Mtu anayeuliza "tuhame au tusihame" halafu halali wiki mbili, huyo keshahama. Umepeleka nini?

Mlinzi wa Seva: Mauzo tu mkuu. Na stoo. Na mishahara.

Kipanya Mzee: Akaunti ipo kwa jina la nani?

Mlinzi wa Seva: Langu. Na kadi yangu ya benki. Bosi alikuwa China, jenereta limekufa, ningefanyaje? Mwezi wa kwanza bili dola 140. Wa tatu imekuja dola 1,900, kuna mashine niliwasha hukohuko klaudi za majaribio nikazisahau. Bosi hajui. Ila kuhama sikukosea, niliwahi tu.

Hakimu wa Mtaa: Mishahara ya watu unaiweka kwenye akaunti yako binafsi? Seva ziko wapi?

Mlinzi wa Seva: Cape Town.

Hakimu wa Mtaa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna utaratibu wake. Vijana wa siku hizi hamuogopi kitu.

Kipanya Mzee: Tuache mahubiri, bili inatembea. Zima hizo mashine leo, weka kikomo cha tahadhari ya bili, kisha ufungue akaunti kwa barua pepe ya kampuni. Kumbuka kuingiza data ni bure, kuitoa ndiko kunakolipiwa kwa gigabaiti. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft walitangaza kumsamehe ada hiyo mteja anayeondoka moja kwa moja, lakini usiondoke kimyakimya, omba kwanza. Na seva ya zamani usiiguse. Jengo la seva la OVH, kampuni ya klaudi ya Ufaransa, lilipoungua Strasbourg Machi 2021, waliolia ni wale wasio na nakala kwingine.

Mlinzi wa Seva: Diski nimeshamuuzia fundi Kariakoo. Laki tatu. Nilipunguzia ile bili.

Sikio Refu: Jamani hii ni chai, tena tangawizi imezidi. Mwezi wa tatu huyuhuyu alileta uzi kwamba ni mwalimu wa fizikia Tunduru, anatafuta wa kubadilishana naye kituo. Nendeni kwenye nyuzi zake mkaone.

Fundi Mstaafu: Nimeenda. Ni kweli. Na mimi nimepoteza muda wangu kusimulia harusi ya watu.

Mlinzi wa Seva: Wakuu, ule uzi aliuandika shemeji yangu. Humu tunatumia akaunti moja.

Kipanya Mzee: Ngoja kidogo. Na ile ya klaudi, nenosiri mnalo wangapi?

Mlinzi wa Seva: Yeye ndiye aliyenifungulia.

Mama Vitenge: Daftari, mwanangu. Pale dukani kwangu ni buku mbili tu.