Naomba mwongozo: kuazima vitabu vya kufundishia watoto kijijini, na mdogo wangu aingie mafunzo ya vijana (Kigoma)

Mwisho_wa_Reli

Mwakeye wakuu. Naenda kwenye mada moja kwa moja maana bando lenyewe la kuungaunga.

Mimi nimemaliza form six mwaka jana, chuo bado (habari ndefu hiyo), nipo kijijini kwetu huku Kigoma, siyo mjini, kata sitaitaja maana tunajuana wote. Tangu mwezi wa pili nakaa na watoto chini ya mwembe kwa bibi kuanzia saa kumi jioni, walianza watatu wa dada yangu mkubwa, sasa hivi wanafika thelathini na kitu, la tatu mpaka la saba wamechanganyika humohumo, sichukui hela ya mtu, mzazi akileta muhogo au fungu la dagaa nashukuru. Tatizo ni vitabu. Ninacho kimoja cha hisabati la tano hakina jalada, na ubao wangu ni mlango wa zamani nimeupaka unga wa betri.

Nikaenda ofisi ya elimu kata kuomba niazimwe vitabu hata ishirini na ramani ya Tanzania. Mara ya kwanza nikaambiwa andika barua, nikaandika. Mara ya pili barua haijapitia kwa mtendaji, nikaipitisha. Mara ya tatu mhusika yuko semina. Ya nne naambiwa hapa hatuazimishi vitabu, nenda wilayani. Sasa bodaboda kwenda na kurudi wilayani ni hela ambayo kwetu watu wanakula siku mbili, ndo nikaona niulize kwanza kabla sijajichosha.

La pili, mdogo wangu wa kike ana miaka 16, aliishia la sita, anataka kushona. Nasikia kuna programu za vijana zinapitia elimu hukohuko, anaingiaje? Inalipiwa? Na mimi mwenyewe je, kuna kitu naweza kujiunga? Asanteni.

Mwalimu_Mzee

Kijana, hongera kwanza. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi, sasa nimestaafu, ngoja nikwambie ambacho hao hawakukwambia. Afisa elimu kata (sisi wa zamani bado tunamwita mratibu) hana stoo. Pale ana meza, kabati la mafaili na pikipiki kama inawaka. Vitabu viko shuleni, vimeingizwa kwenye leja ya shule, na anayevibeba kichwani ni mwalimu mkuu. Wakaguzi wakija, siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, wakikuta leja inasema 60 na stoo kuna 41, hivyo 19 anaulizwa yeye, wewe hakuna anayekujua. Halafu unaingia na barua inasema "naomba vitabu". Vingapi? Vya darasa gani? Vinarudi lini? Hapo hata ningekuwa mimi ningekwambia nenda wilayani ili uondoke tu.

Andika upya, safari hii kwa mwalimu mkuu wa shule wanayosoma hao watoto wako, nakala kwa afisa elimu kata na kwa mtendaji wa kijiji. Taja kitabu kimoja kimoja, darasa, idadi, na tarehe ya kurudisha, iwe wiki moja kabla shule haijafunga. Weka na mdhamini, mzazi mwenye mtoto pale, ukimpata mjumbe wa kamati ya shule ndo kabisa. Na usianze na ishirini. Anza na kumi, rudisha kumi kwa wakati, uone kama mara ya pili hakuiti yeye mwenyewe.

Kingine, angalia toleo. Mtaala mpya umeanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, unapanda na hao watoto kila mwaka, kwa hiyo watoto wako wa madarasa tofauti vitabu vyao haviko mtaala mmoja. Ukichukua cha zamani ukamfundishia mtoto wa mtaala mpya atarudi shuleni anamsahihisha mwalimu wake, utamchukiza mwalimu mwenzangu. Ila hivyo vya zamani shule nyingi vimejaa stoo havina kazi, na kwa kusoma, kuandika na hesabu za kawaida bado ni dhahabu, hivyo utapewa bila maneno mengi.

La mwisho, usije ukakasirika. Watoto thelathini kwa mtu binafsi jioni, mwenyekiti wa kijiji ajue kwa maandishi, wazazi wajue, na giza halijaingia wawe wamefika kwao, hasa wa kike. Nimeona kijana mwenye nia njema anaharibiwa jina kwa jioni moja tu.

Kibirizi_Kwa_Samaki

nenda na soda mkuu, barua itaota miguu yenyewe 😂

Mwalimu_Mzee

Usimfundishe mtoto hivyo. Akitoa soda leo kesho ataambiwa na maandazi.

MamaWawili_Ipuli

Mwangaluka, mimi nipo Tabora lakini la mdogo wako naliweza kwa sababu nimepita humohumo na binti wa marehemu kaka yangu, yeye aliishia la tano, alikuwa na miaka 15. Unachotafuta kinaitwa IPOSA, ni mpango changamani wa elimu kwa vijana walio nje ya shule, upo chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, umri ni 14 mpaka 19 kwa hiyo wako ana 16 yumo ndani kabisa. Wanasoma kusoma na kuhesabu, stadi za maisha, ujasiriamali kidogo na ufundi wa mwanzo, na ushonaji ndo unaopendwa kuliko vyote. Usichanganye na MEMKWA, ile ni ya watoto walioikosa shule ya msingi wanafupishiwa warudi kwenye mfumo. Ukifika ofisini usiseme "programu ya vijana" maana watakupeleka kila mlango, sema namtafuta afisa elimu ya watu wazima, huyo yupo halmashauri, ndo anajua kituo kipi kina mwezeshaji na kipi kimebaki jina.

Hilo la kubaki jina nalisema kwa uchungu. Kituo cha kwanza tulichopelekwa, sikitaji, vyerehani vilikuwa vitano vinavyofanya kazi viwili, mabinti kumi na nane. Wetu kwa wiki alikuwa anakalia cherehani labda saa moja, zilizobaki anakata magazeti kama vitambaa. Nikamhamisha. Kwa hiyo kabla hujamwandikisha nenda mwenyewe siku ya kazi, siyo siku ya kikao, simama mlangoni uhesabu mashine zinazolia. Uliza pia kitambaa na uzi nani ananunua, sisi tuliambiwa ni bure halafu wiki ya pili ikaanza "kila mtoto aje na mita moja".

Akiona ushonaji umemkolea aende mbele, nyie mna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kasulu na kingine Kibondo, VETA ipo Kigoma mjini. Kwangu mimi kwa mtoto aliyeishia njiani hivyo vya wananchi vinambeba vizuri zaidi, hawamwangalii kama kafeli. Na kama bado ana hamu ya shule yenyewe, Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021 unaruhusu waliokatisha kurudi, ila muda ukipita sana inakuwa ngumu, muulize yeye anataka nini kabla wewe hujamwamulia. Yule wetu sasa ana cherehani cha mkopo pale sokoni, sare za shule ndo zinamlisha.

Bando_la_Usiku

Nyongeza kwenye vitabu. Una simu janja? Taasisi ya Elimu Tanzania wana Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vya shule za msingi vimo, kusoma ni bure, kinacholiwa ni bando tu. Mimi nilikuwa naingia usiku bando la bei nafuu, nasoma sura moja nainakili kwa mkono kwenye daftari kubwa, asubuhi ninayo. Kazi ya kichizi lakini somo lilikuwa linanikaa kichwani kuliko kusoma juu juu.

Ukija mjini pitia maktaba ya mkoa, unajiandikisha uanachama, unaazima unaondoka nacho. Na uliza kama kata yenu au ya jirani ina kituo cha walimu, yaani TRC. Vingi vimegeuka kumbi za vikao, ila walimu wakikusanyika huko kwenye yale mafunzo ya walimu kazini, MEWAKA, huwa wanatengeneza zana, chati za silabi, ramani za kuchora kwenye viroba, wakimaliza zinabaki ukutani zinaliwa na mende. Omba hizo. Hazipo kwenye leja ya mtu.

Globu usihangaike nayo, chungwa na kalamu ya wino vinatosha, kwanza wakimaliza somo wanaligawana.

Kibirizi_Kwa_Samaki

sasa niongee la maana. Wewe mwenyewe kama unataka kujiunga, usikae unasubiria elimu, ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu) haipo elimu, ipo maendeleo ya jamii. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, haina riba. Lakini inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na kazi inayoeleweka, mwembe na ubao wa betri hawakupi hela kwa hiyo. Sisi watano tulipata ya dagaa, kilichotuchelewesha siyo halmashauri, ni mwenzetu mmoja jina la NIDA na jina la cheti havifanani. Angalieni majina yenu mapema jamani.

Mwisho_wa_Reli

Nimerudi, wiki tatu zimepita. Mwalimu mkuu alisoma barua mpaka mwisho, alipofika kwenye tarehe ya kurudisha akacheka akasema "huyu kafundishwa na mtu". Mzee shikamoo huko ulipo 😂 Nimepewa kumi na viwili, vinane vya toleo la zamani, nimesaini kila kimoja na namba yake. Ramani hakunipa, kasema ipo moja tu, ila ameruhusu jumamosi niwapeleke watoto darasani waione ukutani. Mtu wa watu wazima nimempata kwa simu, kituo kipo lakini mashine nilihesabu mwenyewe, tatu zinalia, mabinti tisa, nadhani siyo mbaya. Mdogo wangu ameanza jumatatu.

Sasa nina balaa jipya. Juzi mvua imenikuta na vitabu kwenye mkoba wa mkeka, viwili vimelowa, kimoja kurasa zimeshikana. Nikivianika juani si vitajikunja?

Mwalimu_Mzee

Marahaba. Usianike juani. Kivulini penye upepo, tia gazeti kavu kila baada ya kurasa chache, ubadilishe asubuhi na jioni, kikikaribia kukauka kigandamize chini ya kitu kizito. Na kesho asubuhi nenda kamwambie mwalimu mkuu kabla hajasikia kwa watoto.