Mjadala: Kipengele kipya cha lugha ya programu kibishe hodi, au kiingie tu?

NAKURU (mwenye mada): Wenzangu, naomba tulijadili jambo lililonipata Njoro, kwenye chama cha wafugaji ambacho programu yake ya kuwatumia wakulima ujumbe wa kilo za maziwa niliiandika mwenyewe kwa lugha ya programu iitwayo Python. Ndani yake mlikuwa na kitendakazi, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, kilichoanza hivi: def tuma(ujumbe, async=True). Karani alisasisha kompyuta, akaweka Python 3.7, na tangu hapo programu haikuwaka, kwa sababu katika toleo hilo la Juni 2018 async lilifanywa neno la lugha yenyewe, ambalo mtu hawezi tena kulitumia kama jina la kigezo chake, yaani thamani ambayo kitendakazi hupewa. Nakiri kwamba Python 3.6 ilikuwa imetoa onyo. Lakini onyo la aina hiyo halikuonekana mpaka mtu aombe kuonyeshwa, na karani wa maziwa angeombaje?

Tazameni sasa jinsi Rust, lugha nyingine ya programu, ilivyolishughulikia neno hilo hilo. Ililifanya neno la lugha katika mkupuo wake wa 2018, yaani seti ya kanuni ambayo mradi hujichagulia, ila mradi wa zamani ambao faili yake ya mipangilio, Cargo.toml, haijatangaza mkupuo huo unaendelea kusomwa kwa kanuni za 2015, hata na kikusanyaji (programu inayotafsiri msimbo kwa kompyuta) kipya kabisa, na bado unaweza kutumia maktaba zilizoandikwa kwa kanuni mpya. Msimamo wangu ni kwamba kipengele kinachogusa maandishi ya zamani kisiamke mpaka mwenye faili akiite.

KISUMU: Pole, ndugu yangu, ingawa async ungeliita kwa Kiswahili, kama ulivyofanya kwa tuma na ujumbe, lisingenaswa. Mimi nafundisha, na hofu yangu ni kwamba hiari isiyo na mwisho huzaa lahaja. Python iliwahi kubisha hodi: tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, aliyetaka print mpya ya Python 3 (amri ya kuandika kwenye skrini) aliweza kuiita kwa mstari mmoja wa __future__ juu ya faili yake, na bado Python 2 ilibidi ihudumiwe hadi Januari 2020, huku wanafunzi wakileta darasani mifano ya aina mbili bila kujua ipi ni ipi.

Napendelea njia ya Java, ambayo hutoa kipengele kwa majaribio kwanza, kikiwa kimefungwa hadi mtumiaji aandike --enable-preview. Switch (amri ya kuchagua kati ya njia kadhaa) inayorudisha thamani ilijaribiwa katika Java 12 ya Machi 2019. Katika Java 13 neno break, lililokuwa likitoa thamani hiyo, likaondolewa na kuwekwa yield. Ndipo Java 14 ikaipitisha. Violezo vya matini, yaani njia ya kupachika thamani ndani ya maandishi, navyo vilijaribiwa katika Java 21 na 22, kisha vikaondolewa katika 23, na hakuna aliyekuwa na haki ya kulalamika.

KAKAMEGA: Mwalimu, hao wajaribu ni akina nani? Anayehudumia duka la pembejeo kwa bando la wiki hajaribu kitu.

NAKURU: Nakubaliana na Mwalimu kuhusu majaribio, ila yanajibu swali jingine, yaani kama kipengele kinafaa, wala si lini faili yangu ya zamani iguswe. Hata lugha ya Go, ambayo tangu 2012 imeahidi kutovunja programu za zamani, ilipobadilisha maana ya kigeugeu cha kitanzi (jina linalobeba thamani kila amri zinaporudiwa) katika toleo la 1.22 la Februari 2024, iliyafunga mabadiliko hayo kwenye mstari wa toleo ndani ya go.mod, faili ya mipangilio ya mradi, na mradi ambao mstari wake ni wa zamani ukabaki na maana yake. Kuhusu lahaja, hapo Mwalimu amenibana, na ningependa kusikia kutoka kwa wanaofundisha Rust kama wanafunzi wao huchanganyikiwa. Programu ya Njoro inafanya kazi tena. Kigezo sasa kinaitwa bila_kungoja.