Re: Nijifungulie wapi? Niko Nguruka, kwetu Rombo

Dada, hongera sana kwa mimba na pole na ugeni. Umesema mume kahamishiwa Nguruka, mimba ni ya kwanza na inakaribia miezi saba, mama anataka urudi Rombo ujifungulie kwake na wewe huku hujui hospitali hata moja. Mimi kwetu ni Muheza, naishi Kigoma mjini na watoto wangu wote nimewazalia huku huku, kwahiyo naandika yale ninayoyajua, wengine wataongezea.

Kuhusu kurudi kwenu, naelewa kabisa, uzazi wa kwanza ni kwa mama, hata sisi Wabondei ndivyo tulivyo. Lakini hebu iangalie hiyo safari, Nguruka mpaka Tabora, Singida, Babati, Arusha, Moshi ndo upande mlima, huo ni mwendo wa kuchosha hata mwanaume mzima asiye na kitu tumboni, sasa chupa ikipasukia njiani kwenye basi nani atakupokea? Kama umeshaamua kwenda basi nenda mapema, wiki ya 34 ikukute uko huko, umeanza kliniki huko na wamekuzoea. Na usitegemee ndege dakika za mwisho, mashirika mengi ikishapita wiki ya 28 wanataka barua ya daktari na ikifika 36 hawakupandishi.

Ila mimi ningekuwa wewe ningemleta mama huku. Nauli ya mtu mmoja, anakuja na khanga zake, anakaa na wewe kabla na baada. Mtori atakupikia, ndizi zipo tele zinashuka toka Kasulu na Buhigwe, nyama ipo, maziwa yapo, hutakosa kitu. Mama mkwe wangu alisema Kigoma hakuna ndizi mpaka alipofika soko la Mwanga hapa Kigoma mjini akajionea mwenyewe mikungu imepangwa chini barabara nzima.

Sasa hospitali. Watu wengi wakiuliza ipi nzuri wanaangalia vigae na rangi, na kama kuna chumba cha peke yako. Mi nauliza mambo mengine kabisa: saa nane usiku upasuaji unafanyika? Damu ya kuongezewa ipo? Na toka ninapolala mpaka pale ni saa ngapi, siyo kilomita ngapi? Nasema hivyo kwasababu mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili tu kama hajasaidiwa, na hiyo damu haichagui, inampata hata ambaye mimba yake ilikuwa haina shida yoyote na kliniki kaenda zote. Ndo maana naikazania hiyo habari ya usiku na hiyo habari ya damu.

Wewe uko katikati, unaweza kuja Kigoma au kwenda upande wa Tabora. Kigoma mjini ipo Maweni ambayo ndiyo ya rufaa ya mkoa, na Baptist. Kasulu kuna Kabanga ya Wakatoliki na Buhigwe kuna Heri ya Wasabato, hizi mbili watu wanatoka mbali sana kuzifuata na zina majina ya miaka mingi. Ukienda Tabora rufaa ya mkoa ni Kitete. Na usidharau kituo cha afya eti kwasababu hakiitwi hospitali, mkoa huu tangu 2006 kulikuwa na mradi wa fedha za Bloomberg, yule tajiri wa Marekani, wa kupeleka upasuaji wa uzazi kwenye vituo vya afya vijijini, madaktari wasaidizi wakafundishwa kupasua, akina mama wengi wamefanyiwa operesheni huko huko na wakarudi nyumbani wazima. Kwahiyo anzia hapo kituoni kwenu Nguruka, waulize wenyewe wanafanya nini na nini wanakipeleka kwingine.

Chukua kadi yako ya kliniki uisome, kuna sehemu ya vidokezo vya hatari. Kama wewe ni mfupi chini ya sentimita 150, au presha inapanda, au ni mapacha, au mtoto katanguliza makalio, hapo usibahatishe, nenda hospitali kubwa. Ila hata visipokuwepo vyote, mimba ya kwanza mi ningekaa karibu na thieta, chumba cha upasuaji. Uliza na grupu la damu leo leo, ukiwa negativu na mtoto akazaliwa positivu kuna sindano ya anti-D, ya kulinda mimba zako zijazo, inabidi uchomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na mikoani siyo kila duka la dawa utaikuta, kwahiyo itafutwe mapema mkiwa mmetulia.

Kabla hujaamua nenda ukaone mwenyewe, na uende jioni jioni, siyo saa nne asubuhi wakati kila mtu yupo. Kaa pale nje ya wodi ya wazazi na wale ndugu wenye mabeseni na chupa za chai, waulize wagonjwa wao wanahudumiwaje. Muulize nesi wa leba, usiku daktari analala hapa au anaitwa toka kwake? Umeme ukikatika? Halafu angalia mama akifika na uchungu anapokelewaje, mi hapo ndo napata jibu langu.

Ukishachagua, usisubiri uchungu. Njoo wiki mbili tatu kabla, panga chumba karibu. Jirani yangu mmoja alitoka mwambao, Kalya kule, ilikuwa msimu wa kusi ziwa limechafuka, mume akasema wangoje msimu upite, mama yake mume akakataa kabisa akasema asubuhi ya kwanza ziwa likitulia tunaondoka, wakaja wakapanga chumba hapa mtaani kwetu mwezi mzima kabla. Walikuwa wanapika dagaa na ugali wa muhogo jikoni kwangu. Alijifungua vizuri, halafu kondo la nyuma likagoma kutoka, damu ikaanza, akaongezewa chupa mbili na kaka zake wawili wakaenda kuchangia za kurudishia. Angekuwa Kalya siku ile, na ziwa lile, tusingekuwa naye leo.

Gharama: hospitali za serikali sera ni kwamba mjamzito halipi, lakini usiende mikono mitupu, beba glavu, pamba, kibana kitovu, mpira wa kutandika, khanga za kutosha, beseni na ndoo. Za mashirika ya dini uliza bei ya kawaida na bei ya operesheni, zote mbili, na kama bima yenu inapokelewa.

Na andika namba 115 kwenye simu yako, ya mume, ya mama na ya jirani. Ni ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, kupiga bure, ukipata dharura wanatafuta ambulensi, ikikosekana wanakutumia dereva wa kijamii na analipwa na mfumo, siyo wewe. Kichwa kikiuma sana, macho kuona maruweruwe, uso kuvimba, damu, au mtoto ameacha kucheza, piga hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane na unaona aibu kusumbua watu.

Niambie una wiki ngapi hasa na grupu gani la damu. Ukiamua Kigoma mjini nitakutafutia chumba huku Mwanga chenye maji ndani, na mama akija na treni nitamtuma kijana wangu akampokee stesheni.