Harusi ya ndugu Cliveden (Uingereza): ukumbi wote mbao nyeusi na jua linazama saa kumi, naombeni maujanja ya picha

Kijana_wa_Reading:

Habari za jioni wakuu, naombeni mchango wenu hasa nyie mnaopiga picha za harusi huku Uingereza. Binti wa mama mdogo anaolewa mwishoni mwa Novemba, sendofu walishafanya Dar, sasa ndoa yenyewe inafungwa huku kwenye ile hoteli ya Cliveden, kule juu ya mto Thames upande wa Taplow. Kazi ya picha nimepewa mimi na nimeipokea kwa moyo wote maana huyu mtoto tumekua nae nyumba moja Tabata, sitaki aangalie albamu yake baada ya miaka ishirini aone giza.

Harusi nimepiga nyingi ila zangu ni makanisa na kumbi za kawaida, dari nyeupe, unatupa flashi juu inarudi laini kazi inaenda. Hili jumba bustani nimeshatembea ila ndani nimeona picha tu, ule ukumbi mkubwa wa kuingilia kuta zote ni mbao za mwaloni nyeusi tii kuanzia chini mpaka juu, mazulia ya kale yametundikwa ukutani, taa za njano. Sasa weka hapo shela jeupe, bwana harusi kavaa suti nyeusi, na ukoo wetu ngozi zetu mnazijua.

Ratiba waliyotupa: ndoa saa nane mchana, vinywaji, halafu saa kumi na moja watu wakae mezani. Jua lenyewe kipindi hicho linazama kama saa kumi. Na wazee wanatoka Dar na Mwanza, kila shangazi anataka picha na maharusi, kila ukoo unataka picha yake.

Nina bodi mbili za kamera, lenzi ya 24-70 f/2.8, 35 f/1.8 na 85 f/1.8, flashi mbili na stendi. Nahitaji nini zaidi, na makundi ya familia nayapiga saa ngapi na wapi? Na nyumba za kihistoria kama hizi zina masharti gani ambayo kwenye kumbi za kawaida hayapo?

Babu_wa_Lenzi:

Hongera sana kaka, na hongera kwa familia. Nimepiga sana kwenye haya majumba ya kale ya mashambani, Uingereza yamejaa, zamani yalikuwa makazi ya matajiri na sasa mengi ni hoteli, na tatizo lake ni hilo hilo ulilolitaja, mbao.

Cliveden ya sasa ilijengwa 1851 baada ya nyumba mbili za kabla yake kuungua, moja 1795 nyingine 1849, aliyechora ramani ni Charles Barry, huyo huyo wa jengo la Bunge la London. Lakini hizo mbao zinazokutisha zililetwa baadae na tajiri wa Kimarekani aliyeinunua 1893, William Waldorf Astor, yeye ndio aliutaka ule ukumbi uwe mzito hivyo. Nakwambia haya ili ujue lile giza liliwekwa makusudi, mwenye nyumba alilipenda, kwa hiyo usihangaike kuufanya ukumbi ung'ae kama supamaketi maana ukifanikiwa utakuwa umeua kile maharusi walichokilipia. Acha mbao ziwe nyeusi, wewe hakikisha nyuso zina mwanga, basi.

Mchana zima flashi. Ukiitupa flashi kwenye mwaloni nusu ya mwanga inamezwa na kinachorudi kinakuja na rangi ya chungwa, na kwenye ngozi zetu ile chungwa inageuka wekundu ambao hata ukikaa kwenye kompyuta usiku kucha hautoki vizuri. Sogeza watu dirishani. Hatua mbili kutoka dirishani, uso umegeukia pembeni, mwanga wa dirisha wa Novemba ni laini na ni mkubwa, ngozi nyeusi inaupenda sana kwasababu inaurudisha, unaona shavu, unaona paji la uso, unaona umbo lote. Halafu omba wazime taa ya njano iliyo karibu na hapo, wakikubali, la sivyo upande mmoja wa uso unakuwa bluu na mwingine chungwa na hiyo haina dawa.

Usiiachie kamera iamue mwanga. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati, kwa hiyo kwenye ukumbi mweusi itaongeza mwanga mpaka shela linaungua, na ukisogea karibu shela likajaa kwenye fremu inapunguza mpaka uso wa bibi harusi unapotea. Weka manyuo (upange mwanga mwenyewe), pima kwenye shavu, angalia shela kwenye histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, lisiguse ukuta wa kulia, piga RAW (faili ghafi). Usiogope ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 3200 hata 6400, bodi za siku hizi zinabeba. Shata (kasi ya kufyatua) isishuke chini ya 1/160 ya sekunde watu wakiwa wanatembea. Na vijana mnaojifunza mjue hili tatizo la ngozi ni la zamani kuliko hizi kamera, enzi za filamu maabara zilikuwa zinapangilia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, ngozi yake ndio ilikuwa kipimo cha dunia nzima. Ndio maana hawa wazee wetu wana albamu za harusi zao ambazo wametoka meno na macho tu. Wape picha nzuri safari hii, wanastahili.

Usiku ndio flashi irudi, lakini iwe kwenye stendi pembeni ndani ya mwavuli, na uifunike filta ya chungwa ili ifanane na taa za ukumbini, halafu waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) uishushe kwenye 3200 hivi. Hapo mbao, taa na uso vyote vinakuwa familia moja. Stendi ziwekee mifuko ya mchanga, hayo mazulia ya ukutani yalifumwa Brussels karne ya 18, hutaki stendi ikaangukie pale.

Makundi nitarudi kuandika baadae, simu inaisha chaji.

mtu_wa_droni:

Nafuatilia huu uzi. Mkuu pale na droni ingetoka balaa, ile bustani yenye maumbo ya pembetatu mbele ya nyumba ukiipiga kutoka juu asubuhi!

Babu_wa_Lenzi:

Droni sahau kaka. Ile ardhi na nyumba ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, tangu 1942, hoteli imepanga tu, na National Trust hawaruhusu droni kwenye maeneo yao.

Mama_Imani_Luton:

Naomba niongezee upande ambao wapiga picha wengi hawauliziagi. Mimi nafanya kazi ofisi ya usajili wa ndoa ya halmashauri moja huku, sio ya eneo hilo, ila utaratibu ni wa nchi nzima.

Mdogo wangu, ndoa ya hotelini England ni ndoa ya serikali. Ilianza kuruhusiwa 1995 kufunga ndoa nje ya ofisi na makanisa, kwenye majengo yaliyopewa kibali, na sharti lake mpaka leo ni kwamba shughuli yenyewe isiwe ya dini. Hakuna sala, hakuna mchungaji kufungisha. Kama familia inataka baraka mchungaji atafanya kivyake baada ya wasajili kumaliza na kuondoka. Kwa hiyo kaulize leo leo, maana ukoo wa Mwanza na Dar sidhani kama watakubali mtoto wao aondoke bila kuombewa, na hiyo ni nusu saa nyingine ambayo kwenye ratiba yako siioni na jua halitakusubiri.

Pili, kabla ya ndoa msajili lazima aonane na bibi harusi peke yake na bwana harusi peke yake kuhakiki majina na taarifa. Ni pale pale unapotaka kupiga zile picha za bibi harusi amesimama mlangoni na baba yake. Jipange kumaliza mapema, saa saba na dakika kama arobaini usiwe na kitu unachokidai kwa bibi harusi.

Tatu, mfuate msajili ukajitambulishe kabla. Wengi watakwambia bila flashi na usizunguke zunguke wakati wa viapo, chagua sehemu moja ukae. Ukimwendea kwa adabu anakuonyesha yeye atasimama wapi, na ukimwomba asogee pembeni wakati wa busu wengi wanasogea bila shida.

Nne, kusaini. Tangu Mei 2021 lile daftari kubwa la zamani halitumiki, wanasaini karatasi moja halafu ndoa inaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na ile karatasi haipigwi picha kwasababu ya taarifa za watu. Baada ya hapo mnapewa karatasi nyingine tupu na kalamu, maharusi wanajifanya wanasaini, unapiga unavyotaka.

Na vigelegele havikatazwi! Mpange mpiga picha wako wa pili aelekee kwa mashangazi, asielekee kwa maharusi, ile sekunde wanapotangazwa mume na mke.

Kijana_wa_Reading:

Mama Imani Mungu akubariki, hilo la mchungaji nimempigia mama mdogo sasa hivi na ni kweli wameshamwalika na kwaya juu, walidhani atafungisha yeye. Wanaongea na hoteli kesho.

Babu nasubiri ya makundi. Niliwaza wapige picha pamoja kabla ya ndoa ila bibi harusi kagoma kabisa, hataki bwana amuone na shela kabla.

Binti_Ngambo:

Assalam alaykum. Mie napiga harusi za wanawake tu, wengi Waswahili wa Zanzibar, Mombasa na Waomani waliopo huku, kwa hiyo masharti yangu ni tofauti kidogo ila kuna moja linakuhusu. Bustani za pale ziko wazi kwa umma, watu wanakata tiketi wanaingia kutembea na mbwa na watoto. Bibi harusi akitoka nje wanasimama, wanafurahi nae, wengine wanatoa simu. Kwa wateja wangu hilo haliwezekani kabisa, bibi harusi wa kwetu asiyefunika nywele picha yake haitakiwi itoke hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo kwenye hoteli za namna hii nje sitoki nae ila amejitanda, picha za shela tunamaliza chumbani na pazia nyepesi zimeshushwa, na wahudumu wa kiume naomba wasipite. Kwenu nyie si haramu lakini utapata makoti ya rangi rangi nyuma ya kila picha. Ongea na mratibu wa hoteli akuonyeshe upande ambao wageni wa hoteli tu ndio wanafika, na wapambe wawili wapewe kazi ya kusimama njiani na kuwaomba watu kwa upole wasubiri dakika mbili. Waingereza ukiwaomba wanasubiri.

Na makoti mazito kwa wazee jamani. Bibi aliyetoka Mwanza kumsimamisha nje na kitenge mwezi wa kumi na moja ni kumuonea.

Babu_wa_Lenzi:

Nimerudi. Bibi harusi kugoma ni haki yake na wala haikuharibii. Fanya hivi, ukoo wa bwana upige kabla ya ndoa na bwana peke yake, saa sita na nusu hivi. Ukoo wa bibi upige na bibi peke yake, chumba kingine, saa saba. Hapo mashangazi wote wameshatulia kwasababu kila mmoja ana picha na mtoto wake. Baada ya ndoa unabakiza mchanganyiko tu: wazazi wote wanne na maharusi, babu na bibi, wapambe, na ile ya watu wote. Orodha iandikwe na mama mdogo na mmoja wa upande wa bwana, majina kamili ya wanaohusika, na mtu wa kuita awe ndugu mwenye sauti anayewajua watu. Wewe huwezi kujua nani ni baba mkubwa wa nani.

Mahali: watu watakuvuta upande wa kusini wenye ile bustani ya pembetatu kwasababu ndio sura inayotoka kwenye matangazo. Novemba saa tisa jua liko chini sana upande wa kusini magharibi, linawapiga machoni, wote watakunja nyuso. Kundi kubwa lipeleke upande wa kaskazini wanapoingilia magari, nyumba yenyewe inakukinga na jua, mwanga unakuwa sawa kuanzia mstari wa mbele mpaka wa nyuma, na mnara wa saa unauona pembeni. Panda juu kidogo, omba ngazi au dirisha la ghorofani, f/8, umemaliza. Wazee wanarudi ndani kwenye moto.

Halafu maharusi peke yao, kusini, kuanzia saa tisa na nusu. Jua likizama usiondoke! Kuna kama nusu saa hivi mbingu inakuwa bluu nzito na madirisha ya nyumba yote yanawaka njano, pale ndio utapata picha ya kutundika sebuleni. Chemchemi ya mapenzi ile ya marumaru ya mchongaji Waldo Story ni nzuri ila iko mbali mwisho wa njia ndefu, mwende kwa gari la hoteli kama lipo, na uulize kwanza maana bustani nyingi za kihistoria huku zinafunika sanamu zao wakati wa baridi.

Kijana_wa_Reading:

Nimeelewa vizuri sana babu. La mwisho, bibi harusi ni wakili na anataka picha kwenye ile picha kubwa ya Nancy Astor ukumbini, kwasababu ndio mwanamke wa kwanza kukaa Bunge la Uingereza. Naogopa mng'ao wa rangi ya mafuta.

Babu_wa_Lenzi:

Wazo zuri sana hilo, 1919 hiyo, na aliyemchora ni Sargent. Mng'ao unatoka pale mwanga unapoingia na kutoka kwa pembe moja, kwa hiyo usisimame mbele yake moja kwa moja na flashi usiiweke karibu na kamera. Simama kushoto au kulia, bibi harusi awe mbele yake hatua tatu hivi asiegemee ukuta, mwanga wake utoke pembeni na ukomee kwake, picha ya ukutani uipe mwanga wa ukumbi tu. Lenzi ya 35 kwenye f/4 ili na Nancy asomeke. Ukiwa na filta ya polaraiza ibebe, inakata mng'ao uliobaki ukiizungusha taratibu, ila inakula mwanga kama stopu (vipimo vya mwanga) moja na nusu kwa hiyo hapo mwambie bibi harusi atulie.

Na waombe hoteli uingie ndani kabla ya siku yenyewe, saa nane hiyo hiyo ya mchana, asubuhi haitakusaidia kitu. Cheti cha bima yako ya dhima kwa umma (ya kulipa ukiumiza mtu au kuharibu mali) nenda nacho, hoteli nyingi za hivi wanakidai kabla hujafungua begi.