Amenusa kisamvu changu mbele ya mama mkwe, akasema "Hii ndiyo yenyewe"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mtanisamehe herufi zikikosewa. Ni leo hii saa kumi jioni, Goba, nyuma ya nyumba yangu mwenyewe.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule wa kiti cha plastiki pale kijiweni kwa bodaboda, anayejua nani kalala na njaa, nani anadaiwa kodi na nani kapokea mgeni saa ngapi. Si mjumbe, si mwenyekiti, si mgambo. Cheo kajivika mwenyewe na hakuna wa kumvua.

Nina mashina saba ya kisamvu mpira. Anayekijua anajua, ukikiacha kinakuwa mti, mboga ya jioni utaichuma kwa ngazi. Kwa hiyo masika ikiisha nakipunguza. Nakata vilele usawa wa kifua, mkato wa mshazari maji yasituame kwenye kidonda, natoa matawi ya chini yanayogusa udongo, naacha matatu au manne yenye nguvu. Baada ya wiki chache yanajaa vichipukizi laini, na hiyo ndiyo mboga.

Huko chini kuna vita nyingine, panya buku. Mwaka jana walichimba mahandaki chini ya mashina mawili, kusi ilipovuma usiku mmoja tu asubuhi nikayakuta yamelala chali. Mihogo ya kawaida niliyopanda katikati wakaila ingali udongoni. Juu majani ya kijani yanapepea, unavuta shina, linakuja mkononi jepesi kama ufagio. Nikasema basi. Nikachimba mtaro kuzunguka bustani yote, kina cha mkono mzima mpaka begani, nikazika wavu wa chuma, ukingo wa chini nikaukunja kwa nje ili akichimba aukute puani. Juu nikauacha ufike kiunoni. Mashimo ya zamani nikayashindilia mawe na vipande vya chupa. Sumu siweki, nina kuku na watoto.

Sasa leo mama mkwe yupo. Katoka Muheza, mara yake ya kwanza kufika tangu tuhamie. Nimemtandikia mkeka chini ya mwembe, anakunywa chai, na mimi nimeshika mkasi nampunguzia kisamvu nimchumie vile vilele. Huyu mtu akaingia. Hodi hakupiga! Akaruka wavu wangu, akachuma jani, akalifikicha kwenye vidole, akalipeleka puani, AKAFUMBA MACHO. Alivuta pumzi mpaka nikaona pazia la jikoni linamfuata. Akafumbua, akamwangalia mama mkwe, si mimi, mama mkwe, akasema, "Hii ndiyo yenyewe."

Yenyewe nini? Nimemuuliza yenyewe nini, akasema, "Kisamvu gani kinafungiwa wavu wa chuma?" Akatoka na jani. Jani langu! Sasa hivi linazungushwa kijiweni kama ushahidi wa mahakamani, watu wanalipokezana mkono kwa mkono.

Anamaanisha bangi! Mnajua sheria ya 2015 ya dawa za kulevya, kulima bangi si jambo la faini ya buku mbili. Mtu anafungwa miaka mingi, nyumba inabaki na watoto. Neno kama hilo halirushwi kwenye ua wa mtu kama ganda la ndizi.

Na kilichoniua si hilo. Kilichoniua ni kwamba kafumba macho. Mtu anayenusa tu hafumbi macho. Kafumba kama anaonja mchuzi wa harusi, mbele ya mwanamke aliyenizalia mke. Mama hakusema kitu. Kamaliza chai, kaswali magharibi, ndipo akaniita pembeni kwa sauti ya chini, "Baba, na ule wavu ni wa nini hasa?"

Wakuu, yule mama amekula kisamvu tangu hajaota meno. Anakijua. Lakini kaniuliza.

---

Binti Kariakoo: Pole mkuu, ila na mimi nakuuliza, ule wavu ni wa nini hasa? 😂😂

Fundi Wavu: Uzio wa kisamvu una nguvu kuliko uzio wa nyumba yangu ya Mbagala. Hata mimi ningenusa.

Mtoa mada: Nimeeleza ni panya buku. Someni kwanza. Na ningekuwa na cha kuficha, ningekata matawi mbele ya mkwe?

Shamba Darasa: Tofauti ni rahisi, jamani, msimwonee mtu. Jani la bangi kila kidole chake kina meno ukingoni kama msumeno. La kisamvu ukingo wake laini. Halafu kata kikonyo, kisamvu kinatoa utomvu mweupe kama maziwa. Bangi haina hayo maziwa. Huyo mzee kanusa badala ya kuangalia, hapo ndipo alipokosea.

Mtoa mada: Asante! Utomvu ulikuwa unamchuruzika vidoleni! Huku kafumba macho!

Mzigua wa Pwani: Huyo mtu namfahamu. Mwaka juzi alisema mtungi wangu wa maji ni wa gongo. Nilikaa wiki nzima nagongewa mlango usiku na walevi, "mama, ya buku ipo?"

Binti Kariakoo: Ni yule mwenye redio ya betri?

Mzigua wa Pwani: Huyo huyo.

Dereva wa Daladala: Hapana, wa redio ni mwingine, yupo Mbezi. Na yeye ni balaa, alihesabu abiria wangu kwa sauti mbele ya trafiki.

Mjukuu wa Amani: Mtoa mada, mama mkwe wa Muheza ndiye hakimu wako, kaa kwa amani. Hicho kisamvu mpira kimepita kwao. Wajerumani walikipanda Tanga kwa ajili ya mpira, mashamba na mashamba, bei ya dunia ikaanguka 1913, miti ikabaki, wananchi wakala majani. Baadaye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, humo humo Muheza, kikakipandisha na mihogo ili kupata mbegu inayostahimili ugonjwa wa batobato. Mwambie mama hivyo, atacheka.

Mtoa mada: Nitamwambia. Lakini aliyenusa nani atamwambia?

Panya Hunter: Turudi kwa panya buku. Kwangu Chanika wamebeba soksi, sabuni ya kipande na kiatu kimoja cha mtoto. Kimoja! Kiatu kimoja panya anakipeleka wapi? Wanajaza mashavu kama mifuko ya rambo.

Fundi Wavu: Kwangu kabeba rimoti.

Shamba Darasa: Msiwatukane sana. Magawa alikuwa panya buku, mzaliwa wa Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, akafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia, 2020 akapewa medali ya dhahabu na Waingereza. Wenzake wananusa makohozi na kugundua kifua kikuu.

Dereva wa Daladala: Kumbe panya ananusa na anapatia. Mzee wa kijiweni kanusa jani moja kakosea 🤣🤣🤣

Mzigua wa Pwani: Mleteni panya Goba anuse hilo jani, kesi iishe.

Panya Hunter: Akifika atakula mihogo kwanza.

Mtoa mada: Wakuu, mnacheka, mimi hapa silali. Kesho nikipita kijiweni nitasalimia vipi? Yule ni mkubwa kwangu, lazima nimwamkie. Nitamwamkia mtu aliyefumba macho?

Binti Kariakoo: Mwamkie na wewe umefumba.

Fundi Wavu: Maji kwenu yanatoka? Huku siku ya sita bomba linakohoa hewa tu.

Dereva wa Daladala: Ya sita? Sisi tumeacha kuhesabu. Ndoo imefika bei ya soda.

Mama Ntilie Temeke: Nimesoma uzi wote nasubiri mtu aulize. Hivyo vilele alivyochuma vimepikwaje?

Mtoa mada: Havijapikwa. Vipo kwenye ungo. Nani ana hamu ya kula?

Mama Ntilie Temeke: Usiviache vinyauke, mkwe hajala. Twanga vilainike kabisa, chemsha bila kufunika sufuria, maji ya kwanza mwaga, ile sumu yake iondoke. Halafu nazi.

Mjukuu wa Amani: Karanga.

Mama Ntilie Temeke: Mkwe wa Tanga unampikia kisamvu cha karanga? Wewe nawe una yako. Nazi, tui zito liingie mwisho.

Panya Hunter: Nazi na karanga pamoja.

Mzigua wa Pwani: Huyo afungiwe wavu.

Mtoa mada: Tafadhali turudi kwenye mada. ALIFUMBA MACHO.

Shamba Darasa: Magadi mnaweka au hamuweki?