Zebaki kwenye Mto Lupa, Chunya

Swali: Wakuu, mialo ya dhahabu (sehemu za kuoshea na kuchenjulia kwa zebaki) iko juu ya kijiji. Tukichemsha maji ya mto, zebaki inaisha? Na kambare je?

Jibu: Mkuu, kuchemsha kunaua vijidudu, ila usitegemee kutaondoa zebaki. Na msipime maji peke yake, hata yakiwa chini ya kikomo cha WHO cha miligramu 0.006 kwa lita. Hatari imelala kwenye tope: bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, aina inayojikusanya mwilini, ikapanda hadi samaki wanaokula wenzao. Pimeni tope na minofu pia. Wajawazito na watoto wapewe samaki wadogo, si kambare wakubwa.

Jibu: Dawa iko mwaloni. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wachomaji wa dhahabu yenye zebaki watumie ritoti, chombo kilichofungwa chenye bomba la kunasa mvuke wa zebaki. Ncha ya bomba isizame majini, maana ritoti ikipoa hunyonya maji na kupasuka. Funga bomba kitambaa kibichi ili mvuke upoe.

Jibu: Naongezea: marudio (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua) yenye zebaki yasipelekwe kwenye siyanidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki. Siyanidi huiyeyusha zebaki, ikasafiri mbali zaidi na maji. Hili linapuuzwa mno, inauma.

Muuliza swali: Ritoti ya mabomba ya chuma inafaa?

Jibu: Inafaa. Isiwe ya mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki: zebaki hushikana na zinki.