Naomba ushauri: mwenye nyumba amekalia dipoziti yangu, Texas

Habari zenu ndugu zangu. Nilihama apatimenti hapa Houston siku 41 zilizopita, mkataba umeisha na sidaiwi kodi. Dipoziti yangu ya dola 1,200 haijarudi. Sheria ya Texas inampa mwenye nyumba siku 30 na hairuhusu kukata uchakavu wa kawaida. Yeye anasema nimeharibu zulia, kumbe limefifia tu pale tunapopita kutoka mlangoni kwenda jikoni, picha ninazo. Nimempigia mara nne, ananizungusha.

Wasiwasi wangu: anwani mpya nilimpa kwa meseji ya simu, na sheria inataka maandishi. Je, meseji inatosha, au nitume barua sasa na siku zianze kuhesabiwa upya? Na aliyewahi kufungua madai madogo mahakamani, ulipeleka vielelezo gani?